Choki ya kuvuta kwa mkono: namna ya kuwasha gari la kabureta asubuhi ya baridi bila kuua injini



Kila ifikapo Juni mpaka Agosti, saa kumi na mbili asubuhi mtaani kwetu unasikia stata zinalia kila upande. Wenye magari ya kisasa, haya ya EFI na VVT-i, wanazungusha ufunguo mara moja na kuondoka zao. Sisi wenye Land Rover za zamani, Datsun 1200, Peugeot 504 na pikapu za Toyota za miaka ile tunabaki kubembeleza. Na kila mwaka naona mambo mawili yale yale. La kwanza ni kijana aliyerithi gari la mzee wake, hajui kile kishikio cheusi pale kwenye dashibodi ni cha nini, anapiga stata mpaka betri inalala. La pili, na hili ndilo baya zaidi, ni yule aliyeambiwa "vuta choki", akavuta, gari likawaka, akasahau kuirudisha. Unamkuta yuko njiani kwenda Makambako na moshi mweusi nyuma kama treni ya makaa ya mawe.

Mimi natumia Land Rover Series III ya petroli, na watu wananiuliza habari za choki karibu kila wiki. Nimeona bora niandike mara moja, anayetaka asome. Fundi akiona nimerahisisha sana anivumilie, nawaandikia madereva.

Tuanze na choki yenyewe. Wengi wanadhani choki inaongeza mafuta. Kwa kabureta nyingi inachofanya ni kupunguza hewa. Ukifungua ea klina ukachungulia mdomo wa kabureta utaona kibati cha duara, tukiite kipepeo, kinachozunguka kwenye ekseli yake ndogo. Choki ikiwa imerudishwa, kipepeo kinasimama wima na hewa inapita bila kizuizi. Ukivuta kishikio, waya unakivuta kipepeo kilale na kuziba mdomo. Injini inaendelea kuvuta pumzi, lakini hewa haipiti vizuri, kwa hiyo nguvu yote ya mvuto inaishia kwenye jeti za mafuta na petroli inatoka kwa wingi. Neno lenyewe la Kiingereza maana yake ni kukaba koo, na ndicho kinachotokea: injini inakabwa koo ili inywe mafuta zaidi kuliko hewa.

Kwa nini inahitaji mafuta mengi ikiwa baridi? Kwa sababu petroli ya majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikishapata moto, mchanganyiko mzuri ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, na petroli karibu yote inakuwa imegeuka mvuke kabla plagi haijapiga cheche. Sasa petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vitu vingi. Vyepesi vinaanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi na vizito vinasubiri mpaka karibu 200. Asubuhi ya nyuzi 8, chuma chote kikiwa cha baridi, ni vile vyepesi tu vinavyogeuka mvuke. Vingine vinabaki matone, vinaganda kwenye kuta za manifoldi kama jasho kwenye chupa ya soda. Kabureta imetoa mafuta ya kutosha lakini yanayofika kwenye silinda yakiwa mvuke ni machache mno, cheche inapiga na hakuna cha kuwaka. Ndiyo maana unamwaga petroli ya ziada, ili hata ikigeuka sehemu ndogo tu, hiyo sehemu itoshe.

Kwa hiyo kazi ya choki ni ya dakika chache. Chuma kikipata joto, sababu ya kuivuta imekwisha.

Kuna kitu cha pili choki inafanya ambacho wengi hawakijui. Kwenye kabureta nyingi kuna kimkono kinachounganisha choki na kile kipepeo cha chini, kinachofunguliwa na pedeli ya mafuta. Ukivuta choki, kipepeo cha chini kinafunguka kidogo na silensa inapanda, yaani ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama na hujakanyaga kitu. Ndiyo maana gari likiwaka na choki linanguruma juu juu. Usiogope, limeundwa hivyo ili lisizime wakati oili bado ni nzito.

Haya, tunawasha. Gari limelala nje usiku kucha na kuna baridi. Weka gia huru, vuta hendibreki, kanyaga klachi mpaka chini na uishikilie. Klachi inasaidia kweli, kwa sababu usipoikanyaga stata inazungusha injini pamoja na oili nzito ya gia boksi, na betri ya asubuhi haina nguvu hizo. Vuta choki mpaka mwisho. Si nusu, si robo, mpaka mwisho. Kwa kabureta yenye pampu ya kurushia mafuta, kama Zenith 36IV ya Land Rover yangu, unaweza kukanyaga pedeli mara moja au mbili kabla ya kuzungusha ufunguo, kila mkanyago unarusha mafuta kidogo ndani. Baada ya hapo toa mguu kwenye pedeli kabisa. Piga stata isizidi sekunde kumi. Isipowaka, pumzisha nusu dakika ndipo urudie. Stata inayopigwa mfululizo inaungua, na betri nayo inakufa.

Injini ikishika, iache na choki kamili kwa sekunde kumi au ishirini hivi, ukisikiliza. Mwanzoni inaunguruma vizuri, halafu inaanza kubadilika: inakuwa nzito, inakohoa, inatetemeka, kama mtu aliyeshiba anaelazimishwa kuongeza sahani. Hapo inakwambia mafuta yamezidi. Rudisha choki mpaka nusu. Sauti ikisafishika uko sawa. Ikitaka kuzima, vuta tena kidogo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ukishaifanya asubuhi tano au sita unakuwa unaijua kwa sikio bila kufikiri.

Usikae hapo dakika kumi ukisubiri lipate moto. Hili najua litaleta ubishi, maana wazee wetu walitufundisha kuliacha gari lingurume huku unakunywa chai. Injini ya kabureta inapata moto haraka zaidi ikiwa inafanya kazi kuliko ikiwa imesimama, na kila dakika inayonguruma na choki ni dakika ya kulowesha silinda kwa petroli. Ikishatulia, ondoka taratibu, usipige resi, usipande mlima kwa gia kubwa. Rudisha choki hatua kwa hatua kadiri gari linavyokubali. Kwa magari mengi ndani ya kilomita moja au mbili inatakiwa iwe imerudi yote. Ukiona mshale wa geji ya joto umeanza kuinuka kutoka kwenye baridi na choki bado iko nje, umechelewa.

Baadhi ya Land Rover za zamani zina taa ndogo ya njano kwenye dashibodi inayowaka kukumbusha kwamba injini imeshapata moto na choki bado imevutwa. Kwenye magari mengi niliyoyaona hapa hiyo taa ilishakufa zamani, au fundi alichomoa waya ili isimkere. Irudisheni jamani, ni balbu tu.

Sasa hayo niliyosema ni kwa choki ya kipepeo. Wenye Morris Minor, Mini na magari mengine ya Kiingereza yenye kabureta za SU, yenu ni tofauti kidogo. SU haina kipepeo cha kukaba hewa. Ukivuta choki, jeti yenyewe inashuka chini ya sindano yake na nafasi ya kupitisha mafuta inakuwa kubwa. Pia haina pampu ya kurusha, kwa hiyo kukanyaga pedeli mara kumi kabla ya kuwasha hakufanyi chochote zaidi ya kuchosha mguu. Lakini SU nyingi zina raha moja: sehemu ya mwanzo ya kuvuta kishikio inapandisha silensa tu bila kugusa mafuta. Gari likishawaka unaweza kurudisha karibu yote na kuacha kidogo sana nje, likapata silensa ya juu bila kunywa mafuta ya ziada.

Na wenye Volkswagen Beetle za baadaye, zenu ni choki ya kujiendesha yenyewe. Kuna springi inayojikunja ikiwa baridi na kulegea inapopashwa na umeme. Hamna kishikio cha kuvuta, ila lazima ukanyage pedeli mara moja mpaka chini na kuachia kabla ya kuwasha, ndipo choki inajifunga. Usipojua hilo utahangaika.

Turudi kwa yule wa moshi mweusi, maana hapo ndipo hela inapotea.

Choki iliyosahaulika nje inakula mafuta, hilo kila mtu analiona kwenye geji. Kisichoonekana ni kinachotokea ndani. Petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha ile ngozi nyembamba ya oili inayozitenganisha na ringi za pistoni. Chuma kinasuguana na chuma. Petroli inaendelea kushuka, inapita pembeni ya ringi na kuingia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi kama maji, na oili hiyo hiyo ndiyo inayotegemewa na beringi za krenki. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli, au ukikuta oili imepanda wakati hujaongeza, usiseme "afadhali hailiwi". Hiyo si oili iliyoongezeka. Mwaga yote, weka mpya, halafu tafuta sababu.

Jirani yangu mmoja alinunua pikapu nzuri tu, bodi haina kutu, injini inaimba. Waya wa choki ulikuwa umekwama, kishikio kinarudi lakini kipepeo kule ndani kinabaki kimelala nusu. Alizunguka mafundi miezi, huyu anamwambia plagi, yule anamwambia platini. Gereji moja, jina kapuni, walimbadilishia mpaka koili na kondensa. Hakuna aliyefungua ea klina akaangalia. Siku aliponiletea, ilichukua dakika mbili kuona kipepeo, lakini ringi zilishakwisha na gari lilikuwa linatoa moshi wa bluu. Aliishia kufanya ovahoo. Na ukitaka kujua ovahoo ni nini, muulize mtu anayetafuta pistoni za gari ambalo halitengenezwi tena.

Kwa faida ya wasiojua, moshi una lugha yake. Mweusi ni mafuta yamezidi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mwepesi asubuhi ya baridi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke wa maji tu, usikusumbue. Na plagi nazo zinasema. Ikiwa na masizi meusi makavu, mafuta mengi. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, imezidiwa. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka. Ikiwa nyeupe, mafuta ni machache na injini inaungua moto mkali.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna kosa moja ambalo naona limekuwa mila. Huku kwetu, na nimeliona Iringa na Mbeya pia, gari likichemka hata mara moja fundi wa kwanza anachofanya ni kung'oa thamostati na kuitupa. "Hii ya Ulaya, Afrika haitakiwi." Nimesikia kauli hiyo sijui mara ngapi. Thamostati ndiyo mlango unaozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto. Ukiing'oa, maji yanazunguka rejeta tangu sekunde ya kwanza, na kwenye baridi ya Njombe injini inaweza kutembea mpaka sokoni na kurudi bila kufikia joto lake. Dereva anaona gari "linataka choki" muda wote, anaiacha nje robo, na anaanza ile safari ya kuosha silinda niliyoieleza hapo juu. Halafu analalamika Land Rover zinakunywa mafuta. Kama gari lako linachukua zaidi ya kilomita tano ndipo likubali kurudisha choki, kabla hujagusa kabureta muulize fundi wako thamostati iko wapi. Ukiona anacheka, umeshajibiwa.

Na kuna ugonjwa wa namna nyingine, ambao choki inaufunua. Gari likiwa limepata moto kabisa, saa saba mchana, halafu linakwenda vizuri tu ukivuta choki kidogo. Ukiirudisha linakohoa, linakosa nguvu, linazima kwenye silensa. Watu wengi wanaridhika, wanaendesha hivyo hivyo mwaka mzima. Hapo gari linakwambia mafuta ni machache au hewa ni nyingi mno, na choki inaficha tu. Mara nyingi ni jeti iliyoziba na uchafu wa tanki, hasa kama unanunua petroli ya kwenye madumu. Au ni maji yaliyomo kwenye bakuli la kabureta. Au gasketi ya manifoldi imepasuka na injini inavuta hewa ya wizi pembeni. Kusikiliza kunasaidia, hewa ya wizi ina sauti ya mluzi mwembamba. Au ni ule mpira mdogo wa kwenda kwenye buusta ya breki umechanika. Tafuta hilo. Mafuta yakiwa machache muda mrefu yanachoma valvu, na ukificha kwa choki unarudi kwenye petroli ya kuosha silinda. Pande zote mbili unaumia.

Swali ninaloulizwa sana: gari limezidiwa mafuta, nifanye nini? Dalili ni harufu kali ya petroli na stata inazunguka vizuri lakini haikohoi hata mara moja. Rudisha choki yote. Kanyaga pedeli mpaka chini na uishikilie hapo hapo, usipampu, kila ukipampu unaongeza. Piga stata sekunde kumi. Kipepeo kikiwa wazi kabisa hewa nyingi inaingia na kukausha silinda. Ikianza kukohoa endelea kushikilia mpaka ishike, ndipo uachie taratibu. Ikikataa, subiri robo saa na boneti wazi, au ng'oa plagi uzikaushe. Kuna wanaozichoma plagi kwenye moto wa jiko. Inafanya kazi, lakini fanya hivyo mbali na gari. Mahali penye petroli iliyomwagika si pa kupeleka kiberiti.

Injini ikiwa ya moto usivute choki kabisa. Umesimama dukani dakika kumi, umerudi, linasumbua kuwaka. Hiyo mara nyingi ni kwa sababu joto la injini limechemsha petroli kwenye bakuli na mvuke umejaa ndani, kwa hiyo tayari mafuta yamezidi. Ukivuta choki unamalizia. Kanyaga pedeli nusu, piga stata, litashika.

Tofauti na hilo ni gari lililokaa wiki mbili bila kuwashwa. Hapo bakuli limekauka, petroli imepotea hewani. Choki hata uivute mpaka ikatike haiwezi kunyonya mafuta ambayo hayapo. Land Rover zenye pampu ya mafuta ya kuendeshwa na injini nyingi zina kimkono kidogo ubavuni mwa pampu cha kuvutia mafuta kwa mkono. Kipampu mpaka usikie kimekuwa kizito, bakuli limejaa, ndipo uvute choki na kuwasha. Asiye nacho itabidi apige stata kwa vipande mpaka mafuta yafike.

Neno moja kuhusu milima, maana wengi wetu tunapanda na kushuka. Kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko karibu na hapo, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kutoa mafuta karibu kama ilivyosetiwa pwani, kwa hiyo gari lililosetiwa Dar likifika huku tayari linakula mafuta mengi kuliko hewa. Ndiyo maana mgeni kutoka Dar akivuta choki kama anavyosikia sisi tunavuta, gari linazidiwa haraka kuliko la kwetu lililosetiwa hapa. Baridi inadai choki, mwinuko unaikataa, na sikio lako ndilo la kuamua. Kule Kitulo, ambako Juni na Julai unakuta barafu nyeupe juu ya majani asubuhi, utaivuta yote bila ubishi, lakini irudishe mapema. Na aliyeko Dar au Tanga asidhani haimhusu. Hata nyuzi 24 ni baridi kwa injini iliyolala usiku kucha. Nusu choki, sekunde chache, basi.

Sasa naomba tusikilizane kwenye jambo hili hata kama hayo mengine utayasahau. Injini inayonguruma na choki inatoa hewa ya kaboni monoksidi kwa wingi kuliko wakati wowote mwingine, kwa sababu mafuta ni mengi na hewa haitoshi kuyaunguza yote. Hewa hiyo haina rangi na haina harufu. Inashika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na mtu anaanza na kichwa kuuma na usingizi, hajui kinachomtokea, halafu haamki. Huku kwenye baridi watu wana tabia ya kuwashia gari ndani ya banda mlango ukiwa umefungwa, wengine banda limeungana na chumba cha watoto kwa dirisha. Usifanye hivyo hata kwa dakika mbili. Fungua mlango wote kabla hujagusa ufunguo, likishika litoe nje kwanza, mengine yatafuata. Hali ni hiyo hiyo kwa jenereta ndogo za petroli, zile zenye kijiti cha choki pembeni. Jenereta haiwekwi ndani, haiwekwi barazani chini ya dirisha, hata mvua ikinyesha vipi.

Waya wenyewe wa choki ndio unaosahaulika kuliko vyote. Mara moja kwa mwaka, na mimi hufanya mwezi wa tano kabla baridi haijaingia, fungua ea klina. Mwambie mtu avute na kurudisha kishikio wewe ukiangalia. Kikivutwa, kipepeo kizibe kabisa. Kikirudishwa, kisimame wima kabisa, na waya ubaki na ulegevu wa milimita mbili hivi. Waya uliokazwa bila ulegevu unakiacha kipepeo kimeinama kidogo siku zote, na huo mwinamo mdogo unatosha kukula nusu tanki bila wewe kujua. Waya ukiwa mgumu, dondoshea oili nyepesi kwenye ganda lake mpaka itokee upande wa pili. Ukikatika, waya wa breki ya baiskeli unafaa, ila chagua wenye unene wa kutosha maana huu wa choki unasukuma pia, si kuvuta peke yake, na mwembamba unajikunja ndani. Kishikio kisichoshika, kinachorudi chenyewe ukikiachia, watu wanakizuia kwa kibanio cha nguo. Nimefanya pia, hakuna aibu, ilimradi ukumbuke kukitoa.

Vijana wa bodaboda nao wamekuwa wakiniuliza, na wao kwa kweli ndio wanaotumia choki kila siku kuliko sisi wenye magari. Pikipiki zenu nyingi za kabureta hazina kipepeo. Zina kinjia kidogo cha pembeni kinachofunguliwa na kile kijiti, na petroli ya ziada inapita humo kwa mvuto wa injini. Mvuto huo unakuwepo tu kama umeacha moto. Ukivuta choki halafu ukazungusha moto huku unapiga kiki, unaua mvuto na choki inakuwa haifanyi kazi. Ndiyo maana unawaona wenzenu wanapiga kiki ishirini. Fungua choki, acha moto kabisa, piga kiki. Ikishika subiri nusu dakika, funga choki kabla hujabeba abiria. Wengi wanakimbiza abiria wa kwanza na choki ikiwa wazi, na jioni wanashangaa plagi nyeusi na mafuta ya buku tano yameishia njiani.

Mwenye Peugeot 504 au Datsun 120Y ambaye kabureta yake imebadilishwa kuwekwa ya gari lingine atuandikie hapo chini waya wa choki aliuungaje, maana maswali ya hizo ninayo matatu na kila gari ni kesi yake.